Prado ya Mtwara kwenye matairi ya 285

Gari ni Prado TX, umbo la 120, la mwaka 2005, injini ya petroli ya 2.7, otomatiki. Lilitoka Japani na matairi ya 265/65R17. Mwenyewe anakaa Shangani, Mtwara mjini. Ana mikorosho upande wa Tandahimba, na shughuli zake nyingine zinampeleka Lindi na Masasi mara kwa mara. Alipofika gereji kwetu, gari lilikuwa limeshavishwa 285/70R17, AT (za lami na za porini) za plai kumi, yaani za ubavu mgumu wa kubebea mizigo, na limenyanyuliwa kama sentimita tano kwa spesa, vile vipande vya kuongeza kimo, juu ya springi, mbele na nyuma. Malalamiko aliyamwaga mfululizo: mafuta yanakwenda mno, kapigwa tochi ya polisi ya kupimia mwendo wakati ana uhakika hakuzidisha mwendo, gia haitulii mlimani, usukani unatetemeka ukifika tisini, tairi linakwaruza akikata usukani wote huku anarudi nyuma, na mlango wa nyuma siku hizi haufungi mpaka uunyanyue kwa mkono.

Tulilikagua gari zima tukitafuta kilichokufa. Injini safi, giaboksi nzima, breki nzima. Karibu kila alicholalamikia kilitokana na namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, na kingeweza kupigiwa hesabu kwenye karatasi kabla ya kununua. Ndiyo maana nakieleza kisa hiki kwa kirefu, maana kwa hapa kusini si yeye peke yake. Magari ya namna hii yameongezeka mjini, na mengi hayajawahi kuona tope lenye maana.

Alikuwa anatafuta nini

Chanzo ni mchanga wa Msimbati. Sikukuu moja aliipeleka familia ufukweni, na anayepajua anajua kwamba pale watu huendesha juu ya mchanga wenyewe kandokando ya maji. Gari likazama mpaka difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli, ikalala mchangani. Vijana wakalichimbua, wakalipwa chao, na mashemeji wakamcheka njia nzima ya kurudi mpaka Madimba.

Akampigia mpwa wake aliyeko Dar. Huku kwetu neno la mpwa kwa mjomba wake lina uzito, na mpwa huyu anajiona mtaalamu wa magari. "Mjomba, hilo gari limekaa chini sana. Hayo matairi ni ya kwendea ofisini." Baada ya siku chache akamtafutia seti ya matairi matano kwa bei ya kuvutia, ikaja kwa lori.

Kulikuwa na sababu ya pili, ambayo nadhani ndiyo iliyomsukuma zaidi. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar kule Somanga, alikuwa miongoni mwa waliokwama. Tangu hapo ana imani kwamba gari lililokaa juu lingepita. Sikubishana naye sana, ila waliokuwepo wanajua: kalavati likishaondoka na maji, Prado, Noah na basi la abiria vyote vinasimama foleni moja.

Nilichomuuliza ni kimoja tu: kilomita zako unazimalizia wapi? Tukahesabu pamoja. Mtwara hadi Lindi ni lami. Mtwara hadi Masasi kwa kupitia Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi na Masasi, kama kilomita 200, ni lami. Shambani ni lami mpaka Mnivata, kilomita 50, halafu ndipo vumbi na ujenzi. Msimbati ni mara chache kwa mwaka. Kwa makadirio yake mwenyewe, kilomita tisa katika kila kumi ni lami. Alipoitamka hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini fundi, ile moja iliyobaki ndiyo inayonitoa jasho." Hilo ni jibu la haki, na mtu anayeshauri matairi asilipuuze.

Namba za ubavuni

Tuchukue 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172. Ya mwisho ni rimu kwa inchi, na inchi 17 ni milimita 432. Ukitaka kimo kizima cha tairi, unachukua rimu na kuongeza ubavu mara mbili, wa juu na wa chini. Inatoka milimita 776.

Ukifanya hivyo kwa 285/70R17 unapata 831. Tofauti ni milimita 55, sawa na asilimia 7. Humo ndimo kisa chote kilimo, kwa sababu spidomita, kihesabu kilomita, gia na breki vyote vilipangwa vikijua tairi ni la 776.

Na tumbo la gari limenyanyuka kiasi gani? Nusu ya tofauti, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli: milimita 27. Nilimwonyesha kwa vidole viwili, akadhani natania. Sentimita tano zilizobaki ni za spesa, na spesa hainyanyui difu ya nyuma hata kidogo. Ile ekseli imekaa kwenye matairi. Spesa inanyanyua bodi. Difu iliyolala kwenye mchanga wa Msimbati imepata vidole viwili tu kwa pesa yote ile.

Tochi

Alisimamishwa Mnazi Mmoja. Kwa maelezo yake mshale ulikuwa kwenye 52, tochi ikasoma 54, akalipa faini yake ya 30,000 akiwa na kinyongo. Kwenye makazi mwisho ni 50, kwa hiyo hata mshale wake ulikuwa umeshazidi, na hilo tulimwambia. Lakini malalamiko yake yalikuwa na kitu ndani yake.

Kwa kawaida spidomita za magari haya husoma juu kidogo ya mwendo halisi. Watengenezaji hufanya hivyo makusudi, maana kanuni za kimataifa zinakataza mshale usome chini ya ukweli. Prado za umbo hili ninazozipima kwa GPS ya simu zikiwa na matairi ya kiwandani, dashibodi ikisema 100, simu inasema 96 au 97. Dereva anaishi na akiba hiyo bila kuijua. Ukimwekea tairi lililozidi kwa asilimia 7, akiba inaliwa yote na kinachofuata ni deni. Tulikwenda naye kwenye sehemu iliyonyooka ya barabara ya Lindi: dashibodi 100, simu 103. Yaani mtu aliyezoea miaka yote kwamba mshale humpunja kwa faida yake, sasa mshale uleule unamficha.

Mafuta

Hapa palikuwa na ubishi wa kweli, kwa sababu yeye ni mtu wa daftari. Kabla ya kubadilisha, safari ya Mtwara–Masasi kwenda na kurudi ilikuwa inasoma kilomita 400 na kula lita 49, kwa hiyo kilomita 8.2 kwa lita. Baada ya kubadilisha, safari hiyohiyo ilikuwa inasoma 374 na kula lita 55. Akagawanya, akapata 6.8. Ndiyo namba aliyokuja nayo gereji, akitaka tusafishe nozeli.

Nikamwomba aitazame ile 374. Masasi haijasogea. Tairi kubwa linazunguka mara chache zaidi kwa umbali uleule, na kihesabu kilomita kinahesabu mizunguko, hakihesabu ardhi. Kilomita 26 hakuziona, lakini alizisafiri. Hesabu sahihi ni 400 kugawa kwa 55, sawa na 7.3. Kwa hiyo katika upungufu wa 1.4 alioulalamikia, 0.5 ni wa kihesabu. Uliobaki, 0.9, ni wa kweli, na lita sita kila safari ya Masasi ni pesa. Nozeli tuliziacha zilivyo.

Hilo la kihesabu lina upande mwingine ambao wengi hawaufikirii. Oili unayobadilisha kila kilomita 5,000 za dashibodi, kwa matairi yale imeshatembea 5,350. Na siku ukiuza gari, umeuza kilomita pungufu kuliko lilizotembea. Mnunuzi hatakushukuru akigundua.

Lita sita zile zinakwenda wapi? Kwanza ni uzito. Hatukutaka kubishana kwa kukisia, kwa hiyo matairi mawili, la zamani na jipya, yote yakiwa hayana rimu, yalipelekwa kwenye mizani ya korosho ghalani kwa jirani. La zamani kilo 16 na nusu. Jipya kilo 25. Kijana wa ghala akaandika uzito kwenye kipande cha karatasi kwa mazoea, kama vile tunaleta gunia. Kilo nane na nusu kwa kila tairi, na si kilo za kukaa kwenye buti. Hizi zipo mbali na kitovu na zinazungushwa, kwa hiyo injini inazilipia kila unapoondoka, na breki zinazilipia kila unaposimama. Pili ni upepo: gari limepanda juu, linaukata kwa kifua kikubwa zaidi, na barabara ya kusini ni ndefu na yenye mwendo. Tatu ni kashata nene, yale meno ya tairi, na ubavu mgumu wa plai kumi, ambao hula nguvu kwa kujikunja na kujikunjua. Uvumaji anaousikia ndani ya gari ni sehemu ya nguvu hiyohiyo ikitoka kama kelele.

Gia, breki, na mwinuko wa Newala

Tairi likikua, kila mzunguko wa ekseli unalipeleka gari mbali zaidi. Kwa injini, hiyo ni sawa na kubebeshwa gia ndefu kwa asilimia saba. Kwenye tambarare huioni. Ila injini ya 2.7 ndani ya gari la karibu tani mbili haina nguvu ya kuchezea. Ukipanda ukingo wa uwanda wa Makonde kuelekea Newala, giaboksi inaingia ya juu, inashindwa, inarudi chini, inavuta pumzi, inapanda tena. Yeye alidhani giaboksi inakufa. Tukavuta kijiti cha kupimia oili: rangi imeanza kuwa ya kahawia, harufu ya kuungua haijaanza. Tukabadilisha oili, tukamwambia akiwa mlimani aizuie isiingie gia ya juu kabisa. Dizeli ya 3.0 ya umbo hilohilo ingeuchukua mzigo huu bila manung'uniko mengi, na ndiyo sababu ushahidi wa "rafiki yangu kafunga na gari linakwenda vizuri" hauna maana mpaka ujue injini ya huyo rafiki.

Breki hazikuwa kwenye orodha yake, tuliziuliza sisi. Akakiri kwamba siku hizi anakanyaga zaidi. Ni lazima. Diski na pedi ni zilezile, lakini mkono unaozipinga umerefuka: kwa nguvu ileile ya mguu, nguvu inayofika chini imepungua kwa asilimia kama saba, na bado kuna kilo za ziada zinazozunguka. Kwa mtu anayeshuka Newala na gunia kadhaa nyuma, hili lilinitia wasiwasi kuliko mafuta.

Kukwaruza, kutetemeka, na upepo uliojazwa kwa mazoea

Kukwaruza ni rahisi kukieleza. Rimu yake ina upana wa inchi saba na nusu, ambao kwa tairi la 285 ndio mwembamba kabisa unaoruhusiwa. Tairi limekaa, lakini limetokeza huku na huku, na ukikata usukani wote ukirudi nyuma, linagusa plastiki ya ndani ya madigadi na ule mpira wa kuzuia matope. Fundi aliyefunga alikuwa ameshakata plastiki kwa kisu, na si kwa ustadi.

Kutetemeka kulikuwa na mambo mawili. Balansi ilifanywa mbele tu, "kwa sababu nyuma hakuna usukani." Pia tarehe. Kila tairi lina namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi yake manne yalikuwa na 1418, wiki ya 14 ya mwaka 2018. Kashata mpya kabisa, raba iliyokaa stoo miaka. Tukipitisha ukucha kwenye mfereji wa katikati tuliona vinyufa vyembamba vya ukavu. Ile bei ya kuvutia ya mpwa ilikuwa na maelezo yake.

La tatu, ambalo hakuliona kabisa, lilikuwa upepo. Fundi pancha alijaza psi 40 kwa hoja kwamba tairi la plai kumi linataka upepo mwingi. Kibandiko cha kiwanda kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 29, na ni kweli kwamba kibandiko kile kinahusu tairi la asili. La plai kumi, ili libebe mzigo uleule, linahitaji zaidi. Lakini 40 kwa gari lisilobeba kitu imezidi. Tulichora mstari wa chaki ya shule, mnene, kutoka bega hadi bega la tairi, tukalisogeza gari taratibu kwenye lami iliyo sawa, tukashuka kutazama. Chaki ilifutika katikati tu. Mabegani ilibaki nyeupe. Tairi la milimita 285 lilikuwa linatembelea sehemu ya katikati, na kashata za hapo zilikuwa zimeshaanza kupungua kuliko za pembeni. Tukapunguza hadi chaki ikafutika karibu sawasawa, ilikuwa 35 hivi. Gari likaacha kurukaruka kwenye matuta, na mwenyewe akasema kwa mshangao kwamba hata watoto watalala safari hii. Kipimo cha chaki hakigharimu kitu, na sijui kwa nini hakifanywi kila tairi jipya linapofungwa.

Tairi la spea

Prado hii hubeba spea kwenye mlango wa nyuma. Mwanzoni alifunga hapo lile kubwa: kilo nane na nusu za ziada zikaning'inia kwenye bawaba, barabara ya vumbi ikazitikisa, na mlango ukashuka. Bawaba ilishalegea, tuliikaza, lakini itabaki kuwa hivyo mpaka ibadilishwe.

Nilitaja kwamba matairi manne yalikuwa ya 2018. La tano, la mlangoni, lilikuwa la zamani, 265/65R17. Lile kubwa lilikuwa linasogelea mno bampa, kwa hiyo akalirudisha dogo na kulibakiza kubwa nyumbani. Wengi hufanya hivi na hawaambiwi hatari yake. Prado ya 120 inavuta kwa matairi yote manne muda wote. Katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na difu hiyo hupumzika pale tu matairi yanapozunguka sawa. Pancha ikikupata Nangurukuru, ukafunga spea iliyo ndogo kwa asilimia saba, ukaja nayo mpaka Mtwara kwa mwendo wa kawaida, difu ya katikati imefanya kazi bila kupumzika kwa mamia ya kilomita, na ile ya ekseli lenye tairi dogo vilevile. Kwa kutambaa hadi kwa fundi wa karibu, sawa. Kwa safari, hapana. Anayebadilisha saizi kwenye gari la namna hii hununua matano na hufunga matano, au haanzi.

Msimbati, mara ya pili

Tukabaki na ile kilomita moja katika kumi. Mzee alikuwa hajayatupa matairi ya asili. Yalikuwa nyuma ya nyumba, kashata bado zipo. Tukayafunga, tukaondoa spesa, tukaenda naye.

Kabla ya kuingia mchangani alitaka kuelewa tunafanya nini, nami nikamchorea chini kwa kijiti. Gari la tani mbili linaweka kama kilo 500 kwenye kila tairi. Upepo wa psi 30 ni kama kilo 2.1 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya: tairi linaigusa ardhi kwa eneo la karibu sentimita za mraba 240. Punguza upepo hadi 18 na eneo linakuwa karibu 395. Ugumu wa ubavu unaibadilisha hesabu kidogo, lakini mwelekeo ni huo, na jambo la kuangalia ni kwamba upana wa tairi haujatajwa popote. Kinachoamua eneo ni mzigo na upepo. Sasa fanya hesabu hiyo kwa ile 285 iliyojazwa 40: inatoka kama 180. Lile tairi la kujivunia, kwa upepo aliokuwa akitembea nao, lingezama kuliko lile lililomchekesha shemeji.

Akaitazama namba ile chini. "Kwa hiyo nilinunua upepo," akasema.

Tukatoa upepo hadi 18 kwenye matairi yote. Alama ya tairi mchangani, iliyokuwa kama nusu shubiri kwa urefu, ikafika shubiri nzima. Tairi lilikuwa limejilaza mbele na nyuma, upana karibu haujaongezeka. Difu ya katikati ikafungwa, gia nzito ikaingizwa, akaondoka bila kukanyaga kwa pupa. Gari likapita palepale na kwenda mbele hadi alipotaka kugeuza. Kwenye kugeuza tulimzuia asikate kona kali, maana kwa upepo mdogo tairi huweza kuchomoka kwenye rimu. Tulipotoka mchangani tulijaza kwa pampu ya umeme ya kuchomeka kwenye betri kabla ya kushika lami. Hilo halina mjadala: tairi la 18 kwenye lami ya moto ya adhuhuri, kwa mwendo wa 90, linachemka kutoka ndani mpaka lipasuke.

Ile 285 kwa psi 18 nayo ingepita, pengine kwa raha zaidi, kwa kuwa tairi refu hujilaza kwa urefu zaidi na difu ingekuwa na vile vidole viwili. Sikumficha. Swali ni kama raha hiyo ya mara chache kwa mwaka inalipia lita sita za kila Masasi na mguu mzito kwenye breki za Newala.

Tulipofikia

Matairi ya asili yalikuwa na maisha mafupi yaliyobaki, kwa hiyo ilibidi anunue. Kurudi 265/65R17 lilikuwa chaguo halali, na kama gari lingekuwa langu ningesimama hapo. Yeye alitaka ubavu zaidi, na hoja yake ilikuwa nzuri: njia ya shambani baada ya Mnivata ina mawe na kingo za ujenzi, na alishawahi kupinda rimu. Tukakubaliana 265/70R17, ya kawaida, isiyo ya plai kumi, AT yenye kashata za wastani.

Kimo chake ni milimita 803, yaani asilimia 3.4 juu ya ya asili. Ubavu umeongezeka milimita 13. Inaingia bila spesa na bila kisu. Uwezo wa mzigo tuliusoma ubavuni: la asili lilikuwa 112, yaani kilo 1,120 kwa tairi, haya ni 115, yaani 1,215. Kushuka chini ya 112 tusingekubali kwa bei yoyote. Spidomita, kwa bahati njema, imekuwa ya kweli kuliko ilivyotoka kiwandani: dashibodi 100, simu 100. Akiba imekwisha, kwa hiyo kwenye makazi 50 ni 50. Gia mlimani bado inarudi chini mapema kuliko zamani, ila haihangaiki. Safari ya Masasi sasa inakula kama lita 51.

Spesa zilipotoka, alaimenti ilifanywa upya, na tulikuta raba za driveshafti za mbele zimeanza kupasuka kwenye mikunjo kwa sababu ya pembe ambayo zililazimishwa kukaa. Zimebadilishwa pamoja na grisi yake.

Yale manne ya 285 yalitafuta mteja muda mrefu. Hatimaye yakachukuliwa na mtu wa Liwale mwenye Hilux iliyonyanyuliwa, dizeli, anayepita njia ya Nachingwea masika na kiangazi. Tulimwonyesha tarehe ya 1418 na vinyufa, akapunguziwa bei, akaridhika. Kwa njia ile na gari lile, saizi ile ina maana. Mwendo wake haufiki 60 na lami anaiona akija mjini. La tano bado liko Shangani, nyuma ya nyumba.

Mpwa alikuja likizo ya Desemba, akalizunguka gari na kumwambia mjomba wake kwamba amelipotezea sura. Mjomba akampa ufunguo na pampu, akamwambia awapeleke watoto Msimbati.